Kutoka Nyamasaria Hadi Dunga: Kufika Ufuoni Bila Kuchoma Petroli ya Wiki Nzima

Tuanze na ukweli wa wazi: Kisumu hakuna mawimbi ya kuteleza juu yake kwa ubao. Ziwa likichafuka jioni linaweza kupindua mtumbwi, lakini wimbi la kupanda na ubao kama yale ya baharini, hapana. Hata hivyo, kila tunapoandika hapa kuhusu wikendi, kuna mteja anatuuliza swali moja: nitafikaje ufuoni bila kumaliza pesa kwa petroli, na bila kuongeza moshi juu ya ziwa ambalo tayari lina shida zake?

Swali ni zuri. Tukaamua kulijibu kwa miguu badala ya mdomo. Jumamosi moja tuliondoka ofisini watu wanne, tukakutana Nyamasaria saa moja na nusu asubuhi, pale bypass inapoachana na barabara ya Nairobi. Mpango ulikuwa kila mtu afike Dunga kwa njia yake. Mmoja apande matatu kisha tuktuk, wa pili achukue boda ya umeme, wa tatu aje na baiskeli, na wa nne aje na gari lake dogo akiwa peke yake, kama tunavyofanya wengi wetu. Kila malipo yangefanywa kwa simu. Hakuna kubeba noti.

Mpango ulienda vizuri kwa takriban dakika 40. Baadaye tulipoteza shilingi 200, na karibu tupoteze urafiki na kijana mmoja wa boda. Tutafika huko.

Kwanza, kwa nini Nyamasaria

Kwa sababu watu wengi wanaokwenda ziwani hawatoki Milimani. Wanatoka Nyamasaria, Mamboleo, Ahero, Kibos, na huko ndani ya Kano. Mtu wa Milimani anaweza kutembea hadi Hippo Point akiwa na ndala. Mtu wa Nyamasaria lazima avuke upande mzima wa mji, na hapo ndipo gharama na moshi huanza kuhesabika.

Tena watu wa Nyamasaria wanalijua ziwa hata wasipoliona. Mvua ikizidi, maji ya mito inayoshuka kutoka milima ya Nandi hufika mlangoni kabla ya habari kusomwa redioni. Mwezi Mei mwaka wa 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kuvuka rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964. Pale Dunga na fuo nyingine watu walihama, vibanda vikasimama ndani ya maji, na vyoo navyo vikazama, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu maji hayo ndiyo watu huchota. Hatusemi safari yako moja ya boda ndiyo ilifurika Dunga. Tunasema tu kwamba mtu wa hapa hahitaji kupelekwa semina ili aelewe kwamba hali ya hewa inabadilika.

Hesabu ya lita moja

Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Dizeli ni karibu kilo 2.7. Ukizijua namba hizo mbili, hesabu nyingine unaweza kuifanya ukiwa umekaa steji.

Tuseme safari ni kilomita 10, ili hesabu iwe rahisi. Gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita linachoma lita moja: kilo 2.3, zote juu ya kichwa cha mtu mmoja. Boda ya petroli inayokwenda kilomita 40 kwa lita inachoma robo lita, karibu kilo 0.6. Matatu ya abiria 14, hata ikila dizeli kiasi cha lita moja na robo kwa sababu ya kusimamasimama, inatoa kama kilo 3.4. Zigawe kwa watu 14 na kila mmoja anabaki na kilo 0.24 hivi. Tuktuk yenye abiria watatu, kwa kilomita 25 kwa lita, inakuja karibu kilo 0.3 kwa kila mmoja.

Matokeo yalitushangaza sisi wenyewe. Wengi tulidhani boda, kwa kuwa ni ndogo, ndiyo inayochafua kidogo. Kumbe ile mathree iliyojaa, yenye muziki wa kukupasua masikio, inaishinda boda ya petroli zaidi ya mara mbili. Na gari la mwenzetu? Lingekuwa na watu wanne, kila mtu angebeba kilo 0.6 hivi, sawasawa na kupanda boda. Shida ilikuwa viti vitatu vitupu. Gari lenyewe halikuwa na kosa. Mwenzetu alikubali shingo upande, na wakati wa kurudi akabeba watu watatu.

Hizi si namba za maabara. Gari lako linaweza kula zaidi au kidogo, na foleni ya Kachok inaweza kuharibu hesabu yoyote. Lakini mpangilio wa nani anatangulia nani haubadiliki sana.

Matatu, tuktuk, na swali la nani anashika simu

Mwenzetu wa matatu alilipa shilingi 50 hadi mjini, kisha akaingia tuktuk ya kuchangia hadi Dunga kwa shilingi 100. Jumla ni 150, na alifika wa tatu.

Wengine mnakumbuka mwaka wa 2014, serikali ilipotaka nauli za matatu zisilipwe tena kwa pesa taslimu. Tarehe ya kwanza ilikuwa Julai mosi, ikasogezwa hadi Desemba mosi. Kulikuwa na kadi za kila rangi, mojawapo ikiitwa BebaPay, iliyoletwa na Google pamoja na Benki ya Equity. Kadi zile zilikufa. Makanga hawakuzitaka, abiria walizisahau nyumbani, na mambo yakarudi yalivyokuwa. Kilichofanikiwa baadaye hakikuamriwa na mtu. Abiria hana chenji, makanga hana chenji, basi makanga anataja namba. Leo hata tuktuk ina namba ya till iliyobandikwa kwenye kioo, nusu imefutika kwa jua.

Tuliona mambo mawili ndani ya matatu yaliyotufanya tuandike makala haya. La kwanza ni abiria waliompa makanga simu ili “awasaidie” kuandika namba, simu ikiwa imefunguliwa. Msifanye hivyo, hata kama makanga ni mtoto wa jirani. Mwambie akusomee namba, wewe uandike. La pili, mama mmoja alilipa gari likiwa tayari linashuka watu, mtandao ukazubaa, makanga akamzuia mlangoni huku dereva akipiga honi. Lipa mkiwa bado njiani, mahali mtandao upo, halafu onyesha ujumbe unaposhuka. Ujumbe usipofika, usilipe mara ya pili kwa haraka. Angalia salio kwanza. Mara nyingi pesa imeshatoka na ni ujumbe tu uliochelewa.

Baiskeli: hapa tulikuwa tumesahau kwetu

Kabla ya pikipiki, Kisumu ilikuwa mji wa baiskeli. Neno boda boda lenyewe lilianzia mpakani Busia, ambako wenye baiskeli walivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda kuanzia miaka ya 1960. Huku kwetu kazi hiyo ilishamiri, na watu wazima bado wanaisifu ndiga yenye kiti cha sponji nyuma, iliyolipia karo ya watoto hadi chuo kikuu. Pikipiki za bei nafuu zilipoingia baada ya 2008, biashara ya baiskeli ikapungua sana.

Mwenzetu wa baiskeli ndiye aliyefurahi kuliko wote, na tunakiri ndiye aliyekuwa akilalamika zaidi asubuhi. Nyamasaria hadi Dunga ni tambarare karibu njia nzima. Alipita barabara ya Nairobi hadi Kachok, akashika Ring Road kupitia Nyalenda, kisha barabara inayoteremka kuelekea Dunga. Dakika 45, akiwa amesimama kununua maji. Hakulipa nauli.

Sehemu mbaya ni barabara ya Nairobi yenyewe. Malori hayana subira, na mahali pa kupita baiskeli pamejaa vibanda vya mitumba na maboda yaliyoegeshwa. Katikati ya mji ni afadhali. Kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022, mitaa kama Oginga Odinga ilipanuliwa njia za waenda kwa miguu, na mtu anaweza kutembea bila kusukumana na magari. Kazi ile haikufika Nyamasaria. Ukitoka huku na baiskeli, toka mapema, kabla ya saa mbili, na uvae kitu kinachong'aa.

Boda ya umeme, na ile mia mbili

Sasa tufike kwenye kisa.

Pikipiki za umeme zimeanza kuonekana Kisumu kama zilivyoanza Nairobi na Mombasa. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa usafiri wa umeme kule Mombasa, na tangu wakati huo imekuwa rahisi kukutana na pikipiki isiyonguruma. Unaisikia tu ikipita kama feni. Mfumo wake mara nyingi ni wa kubadilisha betri: mwenye pikipiki haisubiri ichaji, anafika kituoni, anaacha betri iliyoisha, anapewa iliyojaa, analipa kwa simu na kuondoka.

Kwa nchi yetu jambo hili lina maana zaidi kuliko kwingi. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo na jua. Na hapa hapa kwetu, mto Sondu Miriu unaoingia ziwa hili unaendesha mitambo ya megawati 60, na maji yakishatoka hapo yanaendesha mingine ya megawati 21 pale Sang'oro. Kwa hiyo pikipiki ya umeme ikipita Nyamasaria, sehemu ya nguvu zake huenda imetoka Nyakach.

Mwenzetu alielewana na kijana mmoja pale steji: shilingi 200 hadi Dunga, helmeti mbili, abiria mmoja kama sheria inavyotaka. Safari ilikuwa tulivu hivi kwamba waliongea njia nzima bila kupaza sauti. Kijana alieleza kwamba zamani aliendesha ya petroli, na karibu nusu ya alichopata kilibaki kwenye pampu. Sasa analipa betri na anabakisha zaidi, lakini kuna masharti. Akaunti yake ya kubadilishia betri iko ndani ya simu. Salio lisipotosha, kabati halifunguki. Hakuna kumwomba mhudumu mkopo wa jioni kama ilivyokuwa petroli, ambapo mtu anayekujua angekuwekea ya 100 ulipe kesho.

Wakafika Dunga. Pale ufuoni mashua zilikuwa zinashusha samaki, akina mama wanapigania bei ya mbuta, injini moja inanguruma. Kijana akataja namba yake. Mwenzetu akaandika, skrini ikaonyesha jina la mwanamke. Hakushtuka. Laini nyingi za vijana wa boda zimesajiliwa kwa jina la mke au mama, si tunajua? Akaweka namba ya siri. Ujumbe ukaja kwake. Kwa kijana haukuja.

Dakika tano. Kumi. Kijana akaanza kubadilika uso. “Omera, mimi sijaona kitu.” Mwenzetu akamwonyesha ujumbe. Kijana akausoma polepole, akarudisha simu. “Hiyo si namba yangu. Umeandika 67, mimi nilisema 76.”

Hapo ndipo tulipojua uzito wa mia mbili. Betri yake ilikuwa imebaki na asilimia 20 na kitu. Akaunti ilikuwa karibu tupu, na alikuwa ameitegemea nauli ile ili abadilishe betri arudi kazini kabla ya saa nne, wakati abiria wa sokoni wanakuwa wengi. Kwetu ilikuwa mia mbili. Kwake ilikuwa asubuhi nzima. Na alikuwa na sababu ya kutushuku, kwa sababu kuna abiria wenye tabia hiyo: wanatuma kwa namba ya rafiki, wanaonyesha ujumbe, wanaondoka.

Tulimlipa tena papo hapo, mara hii akiwa ameishika simu yake mwenyewe na kutuonyesha namba, na tukamuuliza kwanza: “Itasema jina la nani?” Akasema la kwake. Likaja la kwake. Akavaa helmeti na kuondoka bila maneno mengi.

Halafu tukapiga simu ile namba ya makosa. Akapokea mama mtu mzima, kwa sauti yuko mbali na mji. Tukajieleza: mama, tumekutumia pesa kimakosa, tafadhali turudishie. Akacheka kidogo. “Mwanangu, nimeiona na sijaigusa. Lakini mimi sikurudishii mkononi. Wezi wote huanza hivyo hivyo. Pitia kwa kampuni, wakiniuliza nitasema ndiyo.”

Tukanyamaza. Hilo ndilo somo ambalo sisi wenyewe tumeliandika hapa mara kadhaa, na sasa tulikuwa tunasomewa na mteja. Mama alikuwa sahihi kabisa. Tukafungua ombi la kurudishiwa muamala kama mteja mwingine yeyote, tukiwa tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

Kwa hiyo, ukilipa boda, na hasa pale ufuoni penye kelele: muulize jina litakalotokea kabla hujaandika namba, si baada. Kama laini ni ya mke wake, atakwambia. Kama jina ni lingine, acha hapo. Na kama ana namba ya till, itumie, kwa sababu kwa kawaida wewe mlipaji hukatwi ada, na yeye anabaki na rekodi ya biashara yake. Rekodi hiyo si kitu kidogo. Kijana anayetaka mkopo wa kununua pikipiki yake badala ya kukodisha anaweza kuonyesha miezi sita ya malipo. Pesa taslimu haina historia.

Ukishafika, bado hujamaliza

Kufika ufuoni bila moshi halafu ukodi boti inayomwaga mafuta majini ni kujidanganya kidogo. Injini nyingi ndogo za boti ni zile za kuchanganya petroli na oili, na asubuhi ukitazama maji karibu na gati unaona utando wa rangi rangi. Kinyesi cha mji, gugumaji lililovamia upande wetu tangu miaka ya 1990, na sasa hilo. Siku gugumaji likisukumwa na upepo hadi Dunga, boti hazitoki kabisa na safari yako yote inaishia kwenye meza ya samaki.

Njia safi zipo. Kuna watembeza wageni wa hapo hapo wanaokupeleka kwa kasia ndani ya vijia vya mafunjo, ile togo ambayo akina mama huifuma mikeka. Dunga ni mojawapo ya mahali panapojulikana kwa ndege wa mafunjo ambao huwapati kwingine, na injini huwafukuza. Kwa kasia unawaona. Upande wa Homa Bay na Mbita, injini za boti zinazotumia betri zimeanza kufika mikononi mwa wavuvi. Tunasubiri zizoeleke huku.

Mambo ya usalama, haraka haraka: jaketi la kuokoa maisha ni lazima, hata kama unajua kuogelea. Nenda asubuhi, kwa sababu upepo na dhoruba hupenda mchana na jioni. Viboko wapo, jina la Hippo Point halikutungwa. Na kuogelea pembeni mwa ziwa kuna hatari ya kichocho, kwa hiyo ukiingia majini usisahau kupima baadaye. Lipa boti kwa namba ya kikundi cha ufuo badala ya namba ya mtu aliyekufuata kutoka getini, na mkubaliane bei na muda kabla ya kupanda. “Tutaelewana” huwa ghali ukiwa katikati ya maji.

Na wale wanaotaka mawimbi hasa

Hatujawasahau. Ukitaka ubao na bahari, ni Pwani: Diani, Watamu, na Mambrui karibu na Malindi, ambako watu huteleza wakivutwa na tiara. Upepo wa kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi huchukua katikati ya mwaka, ndiyo unaoleta bahari kubwa zaidi.

Kutoka Kisumu, ndege ndiyo ya haraka na ndiyo chafu kuliko zote kwa kila abiria. Treni ndiyo mpinzani wake. Reli ilifika ziwani hapa mwishoni mwa 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu ilifufuliwa Desemba 2021 baada ya kukaa miaka mingi bila safari. Haisafiri kila siku, na ni ya polepole, inalala njiani. Angalia ratiba kabla ya kupanga likizo. Ukifika Nairobi, Madaraka Express imekuwa ikienda Mombasa tangu katikati ya 2017, na tiketi unalipa kwa simu. Kwa Diani utavuka feri ya Likoni halafu uchukue matatu. Kuhusu ubao, usibebe kabla ya kuuliza kama wataukubali kwenye behewa. Kukodi hukohuko ufuoni mara nyingi ni rahisi kuliko kupigana na mzigo wa mita mbili mlangoni mwa matatu.

Wengine huenda Jinja, saa chache tu kwa basi kupitia Busia, ambako maji ya ziwa letu hutoka na kuwa Nile, na watu wa kayaki na rafti hufuata maporomoko. Huko kuna jambo la kufikirisha. Maporomoko ya Bujagali yalizama mwaka 2011 bwawa la umeme lilipojazwa, na Isimba, lililoanza kazi 2019, nalo likameza mengine. Umeme ule ni safi, na mawimbi yale hayapo tena. Tukisema boda ya umeme ni njia ya kijani, na tunasema, tujue pia kwamba kuna mto uliolipa sehemu ya nauli.

Tukalipa pesa ngapi

Baiskeli: sifuri, ukiacha maji ya kunywa. Matatu na tuktuk: 150. Boda ya umeme: 200, ambazo sisi tulizilipa mara mbili. Gari la mtu mmoja: petroli ya zaidi ya 150 kwa bei ya siku ile, na mia ya kuegesha, na alifika wa pili tu, kwa sababu ya foleni ya Kachok. Boda ya umeme ndiyo ilifika kwanza.

Kama tungerudi kesho, wawili wetu wangechukua baiskeli na wawili matatu, kisha boda ya umeme wakati wa kurudi tukiwa tumeshiba ngege. Mwenye gari anasema bado anafikiria.

Ile mia mbili ilirudi Jumanne saa nne asubuhi. Mama alikuwa ameulizwa na akasema ndiyo, kama alivyoahidi. Tulimpigia kumshukuru, akatuuliza kama yule kijana alilipwa, tukasema ndiyo. “Basi vizuri,” akakata.

Kijana wa boda tulimtumia picha ya ule ujumbe wa kurudishiwa, ili asibaki akidhani tulikuwa tunamchezea. Alijibu baada ya saa moja, pengine alikuwa njiani: “Sawa. Jumamosi mko?”

Tuko.